Aplikesheni za bure: jinsi ya kuzitumia bila kumalizwa bando, taarifa na hela

Sisi watu wa Kusini kwenye habari ya mnada hatuhitaji kufundishwa. Korosho unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinaenda ghala kuu, wanunuzi wanaweka bei zao, siku hizi kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la kielektroniki, alafu wakulima mmekaa hapo mnasomewa bei na nyie wenyewe ndo mnasema tunauza au hatuuzi, na nani wa Tandahimba na Newala asiekumbuka Oktoba 2018 bei zilisomwa watu wakagoma, mpaka mwezi wa 11 Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sasa ujue kwamba kila ukifungua Facebook, YouTube, gemu la bure au tovuti ya habari kuna mnada mwingine unapigwa, unaisha kabla hata ukurasa haujamaliza kufunguka, na kinachouzwa ni nafasi ya kuonekana mbele ya macho yako. Kwenye huo mnada hukai kikaoni, husomewi bei, na hakuna anaekuuliza unauza au huuzi.

Siandiki haya ili mtu akafute Facebook. Mi hapa Mtwara mjini natengeneza simu na kuuza vocha, naona kila siku watu wanavyonufaika na hivi vitu. Kuna dada anauza vitenge yuko Masasi na wateja wake wako mpaka Liwale, hajalipa kodi ya fremu hata siku moja, duka lake ni WhatsApp na Facebook. Kuna vijana wa fomu foo wanasoma fizikia YouTube kwa sababu shuleni mwalimu ni mmoja na madarasa ni mengi. Wavuvi wanaangalia upepo wa kesho bure kabisa. Kama hivi vitu vingekuwa vya kulipia kwa dola kila mwezi, tena kwa kadi ya benki, wengi wetu tungebaki nje, huo ndo ukweli na lazima usemwe kabla ya kulalamika. Ila malipo yapo, na mtu akijua analipia wapi anaweza kupunguza sana, kwa hiyo nitaeleza kwanza mambo yanakwendaje alafu twende kwenye simu yenyewe tubonyeze.

Mnada wenyewe unavyokwenda

Mwenye biashara anaingia kwenye mfumo wa Meta, wenye Facebook, au wa Google, anasema nataka watu wa Mtwara na Lindi, wanaume, miaka 20 mpaka 35, wanaopenda mpira, niko tayari kulipa kiasi hiki. Wewe ukifungua simu, mfumo unawakusanya wote wanaomtaka mtu kama wewe, unaangalia dau la kila mmoja, unaangalia na uwezekano wa wewe kubonyeza, unaangalia na ubora wa tangazo, anaeshinda ndo anaonekana. Kwa hiyo sio lazima mwenye hela nyingi ashinde, ila kadri mfumo unavyokujua vizuri ndivyo unavyouzika kwa bei nzuri, na hapo ndo utaelewa kwa nini kila aplikesheni inataka kujua uko wapi, una miaka mingapi, unalaiki nini na video ipi umeiangalia mpaka mwisho.

Na hii kwao sio biashara ya pembeni. Meta, ambao Instagram na WhatsApp nazo ni zao, mwaka 2024 waliingiza dola bilioni 164.5, na kati ya hizo bilioni 160.6 zilitoka kwenye matangazo. Zilitoka kwa wenye bidhaa, na mwenye bidhaa gharama zake anazirudisha kwenye bei ya sabuni, simu na soda, kwa hiyo hata asie na simu janja kijijini anachangia.

Watu wananiambia mbona redio nayo ina matangazo na hatulalamiki. Ni kweli, ila tangazo la redio ni la wote, likipigwa mzee wa Kitangari na binti wa Shangani wanasikia lile lile, na likiwa la uongo kuna watu wengi wamelisikia, wataliongelea kijiweni, mmoja atasema huyo tapeli. Tangazo la kwenye simu limekuja kwako peke yako, jirani yako halioni, mumeo halioni, kwa hiyo hata likiwa la kitapeli hakuna wa kukushtua. Mimi naona hii ndo tofauti kubwa kuliko zote na watu hawaifikirii.

Kuna mambo ambayo watu wanayaamini na mi naomba tuyaweke sawa, maana ukiogopa kisichokuwepo unaacha kuangalia kilichopo. Moja, Facebook na Google hawampi mwenye tangazo jina lako na namba yako, wanachouza ni kukufikia. Wanaozitoa taarifa nje zaidi ni baadhi ya aplikesheni ndogo ndogo, tochi, gemu, kipima mapigo ya moyo cha uongo, kwa sababu hizo zimeunganishwa na mifumo ya minada ambako ombi la tangazo linatumwa kwa kampuni nyingi kwa mpigo likiwa na aina ya simu yako na mara nyingi mahali ulipo. Lingine ni hili la simu kusikiliza maongezi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Marekani walichunguza aplikesheni zaidi ya 17,000 za Android, hawakukuta hata moja inayowasha maiki kwa siri na kurusha sauti nje, ila walikuta baadhi zinarekodi kinachoonekana kwenye skrini. Ukiona mmeongelea pikipiki alafu tangazo la pikipiki likaja, mara nyingi ni kwa sababu mwenzio aliitafuta, mko mahali pamoja, mna umri mmoja, na mfumo umebahatisha kwa hesabu nzuri. Na WhatsApp, meseji zake zimefungwa tangu 2016 kiasi kwamba hata wao hawazisomi, ila tangu Juni 2025 walitangaza kuanza kuweka matangazo kwenye upande wa stetasi na chaneli, kwa hiyo usishangae ukiyaona huko. Wakongwe mtakumbuka WhatsApp iliwahi kuwa ya kulipia, dola moja kwa mwaka, wakaifuta hiyo ada Januari 2016, miaka miwili baada ya Facebook kutangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Kuna mtu alilazimika kutafuta njia nyingine ya kurudisha hiyo hela.

Unalipa nini hasa

Unalipa muda, unalipa taarifa zako, unalipa hela pale tangazo linapokununulisha kitu ambacho hukukipanga, na kwetu sisi unalipa bando. Hili la bando wanaoandika huko nje huwa hawalisemi kwa sababu wao wanalipa intaneti ya mwezi mzima isiyoisha, video ya tangazo ikicheza haiwaumi. Mtu wa Mtwara anaejiunga bando la buku, kila tangazo la video linalocheza lenyewe kalilipia yeye. Mwenye bidhaa kalipa ili uone, na wewe umelipa ili uone. Gemu moja la bure mtoto akilicheza mchana kutwa, kila baada ya raundi tangazo la sekunde 30 lenye picha safi, MB zinaondoka bila mtu kugusa chochote alafu jioni lawama zinaenda kwa mtandao wa simu kwamba wameiba bando. Wakati mwingine mtandao nao una makosa yake, sikatai, ila anza kuangalia ndani ya simu kwanza.

Anza na bando

Ingia Mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya mtandao, alafu Matumizi ya data. Utaona orodha ya aplikesheni kuanzia inayokula sana. Hapo usishtuke YouTube au TikTok kuwa juu kama unaziangalia, hiyo ni halali yake. Tafuta ile ambayo huitumii sana ila iko juu. Iguse, zima data ya chinichini, na kama haina kazi ifute kabisa. Tochi ya kudanlodi ifute sasa hivi, simu yako ina tochi tayari. Na vile vitu vya kusafisha simu na kuongeza spidi, futa, Android inajisafisha yenyewe na hivyo vitu vingi vinaishi kwa kukuonyesha matangazo tu.

Alafu video zinazojichezea. Kwenye Facebook ingia menyu, mipangilio, tafuta sehemu ya media, chagua video zisicheze zenyewe. Kwenye YouTube kuna sehemu ya ubora wa video, weka kiokoa data. TikTok na Instagram nazo zina kiokoa data ndani ya mipangilio yao. Video itakuwa na ukungu kidogo lakini kwa skrini ya simu unaona vizuri tu, na matangazo mengi nayo hayatakuwa yanajipakia kabla hujayafikia. Kama simu yako ina nafasi ndogo tumia Facebook Lite, ilitengenezwa 2015 kwa ajili ya sehemu zenye mtandao wa shida na hela ya bando ya shida, yaani sisi.

Gemu la kucheza peke yako, zima data kabla ya kulifungua. Matangazo mengi yanakwisha hapo hapo kwa sababu hayana pa kutokea. Ramani nayo, ukiwa na waifai mahali danlodi eneo lote la Mtwara na Lindi kwenye Google Maps uitumie bila data, utaipenda siku uko njiani kwenda Liwale mtandao umekata.

Simu inayosema ina virusi

Hii naiona sana mpaka naomba niieleze taratibu. Mama mmoja anauza samaki feri aliniletea simu.

"Mwanangu niangalizie hii, kila saa inaniambia ina virusi, na bando nikiweka asubuhi ikifika saa sita halipo."

"Shikamoo mama. Uliwahi kuingia tovuti ikakuuliza bonyeza ruhusu?"

"Marahaba. Mie nilikuwa natafuta dawa ya miguu, ikaniambia bonyeza ili uendelee, nikabonyeza."

Hapo ndo penyewe. Ile ruhusu aliyobonyeza haikuwa ya kuendelea kusoma, ilikuwa ya kuiruhusu ile tovuti imtumie arifa muda wowote, hata kama brauza imefungwa. Basi ikawa inamtumia kila saa, mara simu ina virusi, mara umeshinda zawadi, mara mzungu anataka kuchati na wewe, na kila akigusa inafunguka kurasa zenye video juu ya video. Hakukuwa na kirusi chochote. Tulichofanya ni kufungua Chrome, kubonyeza vidoti vitatu juu kulia, Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, tukakuta majina ya tovuti ambazo hata kuzisoma hazisomeki, tukazizuia zote moja moja. Kisha pale pale juu tukazima kabisa uwezo wa tovuti kuomba kutuma arifa. Simu ikatulia. Mama yule alishaambiwa sehemu nyingine alipe simu ipigwe flashi, angepoteza picha zake zote na namba za wateja kwa tatizo la kubonyeza.

Sheria ndogo hapa: tovuti yoyote ikikwambia bonyeza ruhusu ili kuthibitisha wewe ni binadamu au ili video icheze, bonyeza zuia. Ya kweli itaendelea tu.

Punguza wanachokijua

Kwenye Android kuna namba maalum ya matangazo ambayo aplikesheni zinaweza kuisoma, ndo inayounganisha kwamba aliecheza gemu hili ni yule yule aliesoma habari ile. Unaweza kuifuta. Mipangilio, Google, Matangazo, Futa kitambulisho cha utangazaji. Kwenye simu zingine utaikuta chini ya Faragha. Ukiifuta matangazo hayapungui idadi, yanakuwa tu hayakujui sana. Kwenye iPhone tangu 2021 aplikesheni lazima ikuombe ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye aplikesheni zingine, ikiomba kataa, hutapoteza kitu.

Kisha ruhusa. Mipangilio, Faragha, Kidhibiti cha ruhusa. Angalia mahali, yaani lokesheni, uone ni nani wote wanaijua. Ramani sawa, iache itumie pale unapoifungua. Kibodi ya mapambo, gemu la mpira, aplikesheni ya mandhari ya simu, hao mahali ulipo wanapataka kwa sababu ya mnada tu. Waondoe. Na anwani za simu, majina ya watu wako, hapo kuwa mkali zaidi kwa sababu hizo sio taarifa zako peke yako, ni za mama yako, mjomba wako na wateja wako ambao hawajaulizwa.

Swali la haki: je kuna hasara ukifanya hivi? Ipo. Matangazo yatakayokuja yatakuwa ya ovyo zaidi, utaonyeshwa makoti ya baridi na wewe uko Lindi unatoka jasho. Kuna mtu anapenda tangazo linalomfaa, mwenye duka la vipodozi anagundua masapulaya wa Kariakoo kupitia matangazo hayo hayo, huyo aache kama ilivyo, ni chaguo lake na lina mantiki. Mi ushauri wangu, kama matangazo hayakuingizii kitu, yafanye yasikujue.

Kubeti, pombe na vitu unavyojaribu kuviacha

Hii watu wengi hawajui kabisa na ingesaidia nyumba nyingi. Meta na Google wote wana sehemu ya kusema nataka kuona machache ya aina fulani ya matangazo. Facebook utaikuta kwenye Kituo cha Akaunti, mapendeleo ya matangazo, mada za matangazo. Google nenda myadcenter.google.com. Kamari ipo, pombe ipo, kupunguza uzito ipo, uzazi nao upo, maana mtu aliepoteza mimba kuonyeshwa nguo za vichanga kila siku ni mateso ambayo simu haielewi. Haziondoi yote ila zinapunguza. Kijana ambae anahangaika kuacha kubeti, kitu cha kwanza cha kumsaidia ni kukaa nae dakika chache mkapunguza hayo matangazo pamoja, kwa sababu mfumo unajua anabonyeza na kwa hiyo ndo unamletea zaidi, hauna namna ya kujua kwamba ile hela ilikuwa ya ada.

Pale tangazo linapotaka hela yako

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba mpaka Desemba, hela zinaingia kwenye akaunti za wakulima, na Lindi ufuta ukiuzwa ni hivyo hivyo. Huo ndo wakati wa kuwa macho. Simu ya laki sita inauzwa elfu tisini, pikipiki kwa kutanguliza nusu, mbegu ya ajabu, mganga wa kuongeza mavuno. Kulipiwa tangazo hakumaanishi mtu kakaguliwa biashara yake. Ile alama ya Imefadhiliwa inamaanisha kitu kimoja tu, kwamba mtu kalipa.

Hata kwenye Google, vile vya juu kabisa baada ya kutafuta mara nyingi ni matangazo. Ukitafuta namba ya huduma kwa wateja ya benki au ya mtandao wako usipige ya kwanza unayoiona, shuka chini mpaka kwenye tovuti yao wenyewe, au soma nyuma ya kadi ya benki. Kabla hujalipa kwenye ukurasa wowote wa Facebook fungua sehemu ya kuhusu ukurasa, uwazi wa ukurasa, utaona ulifunguliwa lini na majina uliyokuwa nayo zamani. Ukurasa wa kuuza simu ambao mwaka jana uliitwa jina la mahubiri, ondoka. Na muombe akupokee dukani au mzigo ulipiwe ukifika, mfanyabiashara wa kweli hata kama hataki atakuelewa.

Mikopo ndo nasisitiza kuliko vyote. Matangazo ya pata laki tano ndani ya dakika tano yamejaa kwenye kila gemu na kila video, na hizi kausha damu za mtandaoni zinaumiza kuliko za mtaani kwa sababu zinachukua majina ya watu kwenye simu yako, ukichelewa wanatumiwa meseji wakwe, mwajiri, na sheikh wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Google tangu 2023 haiziruhusu aplikesheni za mikopo zilizopo Play Store kusoma anwani na picha zako, ndo maana nyingine zinakutumia linki udanlodi pembeni. Basi kanuni ni nyepesi: mkopo uliokuja kwa tangazo usiuchukue hapo hapo, tafuta jina la kampuni Benki Kuu kama ina leseni, na linki ya kudanlodi nje ya Play Store usiiguse hata kama una shida ya hospitali, nenda kwenye kikundi chenu, VICOBA, hata AMCOS ukaulize.

Ukitumiwa meseji ya kitapeli, ipeleke 15040 alafu watakuuliza namba iliyoituma, ni bure na namba zinafungiwa. Tangazo lenyewe bonyeza vidoti vitatu pembeni yake, ripoti. Pale pale pia kuna "kwa nini ninaona tangazo hili", lisome hata mara moja. Mara nyingi litakuambia kitu kama umri wako, lugha na mahali, ni vizuri kuona kwa macho yako jinsi ulivyopangwa. Na kama kampuni ya hapa nchini imechukua taarifa zako na kuzitumia kukusumbua, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023 na tuna Tume yake inayopokea malalamiko, watu wa mikoani tuitumie na sisi.

Kuzuia matangazo kabisa, au kulipa

Inawezekana. Brauza ya Brave inayazuia yenyewe. Firefox ya Android unaweza kuiongezea uBlock Origin, kizuia matangazo. Na kwa simu nzima, Android 9 kwenda mbele, ingia sehemu ya mtandao, DNS ya Faragha (DNS ni kama kitabu cha anwani ambacho simu inatumia kuzipata tovuti), andika dns.adguard-dns.com, hifadhi, matangazo ya kwenye tovuti na gemu nyingi yanapotea na bando linapumua. Ya YouTube na Facebook hayatapotea kwa njia hiyo kwa sababu yanatoka kwenye mitambo yao wenyewe. Ikitokea waifai ya hoteli au ofisi inagoma kufunguka, rudisha DNS ilivyokuwa kisha jaribu tena.

Sasa hapa sina jibu la moja kwa moja na sitaki kujifanya ninalo. Mwenye chaneli YouTube anapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video zake ndefu, akishafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa. Mwalimu anaefundisha hesabu kwa Kiswahili, kijana anaeonyesha jinsi ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, hao wanaishi kwa hilo tangazo. Tukizuia wote, wataacha, na kitakachobaki ni video za Kingereza za watu ambao hawajawahi kuona mkorosho. Kwa hiyo mi nafanya hivi: tovuti zenye matangazo yanayoruka ruka na kufunika maandishi nazuia bila huruma, ila mtu anaenifundisha kitu namuachia tangazo lake licheze, sekunde chache sio nyingi, na kama ninazo namtumia chochote moja kwa moja kwa simu, maana hata buku moja ni nyingi kuliko atakayoipata kwa mimi kuangalia matangazo yake mwezi mzima.

Kuhusu kulipia ili usione matangazo, piga hesabu ya kazi. Ulaya Meta waliweka malipo ya Facebook bila matangazo Novemba 2023, euro 9.99 kwa mwezi kwenye kompyuta na 12.99 kwenye simu, kwa hela yetu ilikuwa zaidi ya elfu 25, sijui nani Mikindani angelipa hiyo ili aone picha za harusi. Lakini kama una aplikesheni moja inayokuingizia hela, ya kuhariri picha za studio, ya hesabu za duka, na ina toleo la kulipia mara moja, lipa hilo. Unaondoa matangazo mbele ya mteja na taarifa za biashara yako hazizunguki. Nyingine zote ziache na matangazo yake.

Simu ikienda kwa mtoto

Kabla hujampa, zima data na waifai, mfungulie gemu au katuni ulizodanlodi, kisha tumia kubandika programu, iko Mipangilio upande wa usalama, inafanya mtoto asiweze kutoka kwenye hiyo aplikesheni bila nywila yako. Kwenye Play Store weka kwamba kila ununuzi udai nywila, maana tangazo la kwenye gemu limetengenezwa kwa rangi na vitufe ambavyo kidole cha mtoto wa miaka minne lazima kiguse, na kile kitufe cha kufunga wamekifanya kidogo kwa makusudi. Gemu linaloonyesha kubeti kwa mtoto lifute na uliripoti Play Store siku hiyo hiyo. Ukirudishiwa simu pitia aplikesheni zilizoongezeka, utakuta mbili tatu hujui zimetoka wapi, zifute kabla ya kuwasha data.